Fundi akisema "kompyuta imesema", muulize imesema nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua imekuwa ndefu, mkitaka kukata kateni tu ila msiguse sehemu ya themostati maana ndo iliyonifanya nikae mpaka saa 5 usiku naandika.

Mi nina stesheneri hapa Soweto, Mbeya. Fotokopi, kuchapa barua za maombi, kulamineti vyeti, basi. Ufundi wa magari sijasomea hata siku moja. Naendesha Premio ya 2008, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anaitumia Dar, gari nzuri, bodi safi, haijawahi kunichemkia hata kwenye mlima wa Kitonga na nilikuwa naisifia kweli kweli mbele za watu, wenzangu wamepaki pembeni wamefungua boneti wanasubiri ipoe mi napita napiga honi. Tatizo likawa mafuta. Lita moja inanipeleka kilomita 8 na kidogo, wenye Premio wenzangu hapa hapa mjini wanasema wanapata 10, wengine 11, sasa unabaki unajiuliza mi petroli yangu inaenda wapi.

Nikaenda gereji, sitaitaja. Kijana akachomeka mashine yake, akaangalia kama dakika 2, akaichomoa, akaniambia, "Bosi, kompyuta imesema oksijeni sensa." Kupima elfu 30, sensa ya mtumba elfu 85. Mafuta yakaendelea kwenda vilevile. Nikabadilisha gereji, ya pili nayo elfu 30 ya kupima, kompyuta imesema plagi, nikaweka 4 mpya kwa elfu 60. Ya tatu, elfu 30 tena, na hapa kompyuta ikasema pampu ya mafuta, pampu elfu 110 na ufundi elfu 40. Piga hesabu mwenyewe Mhariri, mi nilishapiga, ni 385,000 na gari bado inakula kilomita 8 kwa lita. Hiyo hela kwangu ni fotokopi nyingi sana.

Kitu nilichokuja kukigundua baadaye, na ndo hasa nataka wasomaji wako wakielewe, ni kwamba kompyuta haijawahi kusema neno "pampu" toka dunia iumbwe. Haina huo uwezo. Inatoa namba yenye herufi moja mbele na tarakimu 4, wenyewe wanaiita kodi, na hiyo namba inaeleza dalili au inaonyesha waya wa upande gani una shida, hizo habari za "badilisha hiki nunua kile" zinatoka kwenye kichwa cha fundi. Wakati mwingine kichwa chake kiko sawa, wakati mwingine anabahatisha kwa hela yako.

Mwezi wa 6 mpwa wangu akafunga chuo, yuko pale MUST, akaja kukaa kwangu. Jioni moja namlilia shida zangu akaniambia, "Anko, si una laptopu dukani? Nunua kebo tu tusome wenyewe." Nikamwona kama wale vijana wa siku hizi wanaodhani kila kitu ni programu. Lakini kebo aliyoiongelea bei yake elfu 28, chini ya kipimo kimoja cha gereji, nikatuma hela Kariakoo ikaja na basi kesho yake. Ni kidude cheusi ukubwa wa kiberiti kina meno 16, upande mwingine USB ya kawaida. Tundu lake kwenye gari liko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na goti, umbo kama herufi D iliyolala. Nimeendesha gari hiyo karibu miaka 2 na goti langu linaligusa kila siku sijui ni la nini.

Hilo tundu lina historia yake. Marekani waliamua kila gari ndogo ya kuanzia modeli ya 1996 lazima iwe nalo, na lazima liongee lugha inayojulikana na kila mtu, lengo lao lilikuwa kupima moshi unaochafua hewa. Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli 2001, dizeli baadaye kidogo. Wajapani kwa magari ya kwao nyumbani walikuwa na utaratibu wao, na kwa kuwa sisi huku karibu wote tunaendesha magari yaliyotoka kwa Wajapani nyumbani kwao, hiyo habari inatuhusu, nitairudia huko mbele.

Laptopu yenyewe ni Dell ya zamani, RAM 2, Windows 7, ile ambayo mteja akitaka kuedit video nacheka. Inatosha kabisa. Kebo nyingi za bei chee zimejengwa kwa kuiga chipu moja inaitwa ELM327, ilitoka kwa kampuni ya Kanada inaitwa Elm Electronics, Wachina wakainakili mpaka wenyewe wakachoka. Kazi ya hiyo chipu ni ukalimani, gari inaongea Kigari, laptopu inaongea Kilaptopu, yeye yuko katikati. Kilichotusumbua ni draiva ya USB tu, yaani kiprogramu cha kuitambulisha kebo, laptopu haikuitambua kebo mpaka tukatafuta draiva ya chipu ya CH340, hapo tukaishiwa bando mara 2. Ikishaitambua inaipa kebo namba ya mlango wake, inaitwa COM, unaingiza hiyo namba kwenye programu, spidi 38400, unaweka swichi ya gari on, unabonyeza kuunganisha. Programu za bure zipo nyingi na zinasoma vizuri tu.

Tukasoma. Kodi zilizohifadhiwa: hakuna. Hata moja.

Hapo nilikaa kimya. Kwa sababu kama ni za zamani walishazifuta, sawa, lakini taa ya cheki injini kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka toka gereji ya kwanza, na mimi gereji ya pili na ya tatu niliambiwa kompyuta imesema. Imesema saa ngapi? Mpwa wangu akanituliza, akasema kodi ni nusu ya habari, twende barabarani tuangalie gari inavyoishi.

Asubuhi saa 12 tukatoka, baridi ya mwezi wa 6 mnaijua wenye Mbeya yenu, vioo vyote ukungu. Mi naendesha, yeye kaketi kushoto na laptopu mapajani (tafadhali msiendeshe huku mnasoma, tafuteni mtu). Kwenye programu kuna sehemu ya kuandika amri kwa mkono na yeye anapenda hiyo, akaandika 0105, maana yake "niambie joto la maji ya injini", gari ikajibu 41 05 61. Akanifundisha kuisoma hapo hapo, 41 ni gari inasema nimekusikia, 05 ni joto la maji, na 61 sio sitini na moja ya kawaida, ni ya hesabu za 16, kwa hiyo 6 mara 16 ni 96, jumlisha 1 ni 97, toa 40, unapata 57. Nyuzi 57. Programu inakuletea 57 moja kwa moja bila hizo hesabu ila mi nilizirudia dukani nyuma ya fotokopi mbovu na nilijisikia msomi.

Wakati huo tumeshapita Nzovwe, Iyunga tumeiacha, yaani gari imetembea zaidi ya nusu saa na foleni yake. Injini ya hii gari inatakiwa iwe kwenye 80 na kitu mpaka 90. Tukaanza kuteremka Iwambi kwenda Mbalizi, mguu sijakanyaga mafuta, namba ikaanza kushuka tunaiona, 56, 54, 51. Injini inawaka na inapoa! Mpwa wangu akacheka, akasema, "Anko, hii gari haina themostati."

Themostati, kwa msioijua kama mimi, ni kadude kadogo kenye springi kanakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi kanaziba maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka, ikifika kama nyuzi 80 hivi kanaanza kufungua. Dar na joto lile, gari ikichemsha mara moja tu fundi anakang'oa anakatupa, anakwambia maji yapite kwa uhuru, na kule unaweza usione tofauti kubwa. Ukiileta gari hiyo Mbeya, nyuzi 8 asubuhi, rejeta inapigwa na upepo wa mlima Loleza siku nzima na maji hayazuiwi na chochote, injini haipati joto lake milele. Na kontrol boksi, yaani kompyuta yenyewe ya gari, ikiona injini ya baridi inafanya kile ilichofundishwa, inaongeza petroli kuisaidia ipate moto. Inaongeza leo, kesho, mwaka mzima.

Ndo maana haikuchemka Kitonga. Nilikuwa najisifia ugonjwa.

Na hapa nimpe mke wangu haki yake. Toka mwezi wa 5 alikuwa ananiambia, "Baba Neema, hita ya gari yako inapuliza kama bibi anapoza uji." Hita inachukua joto kwenye maji hayo hayo ya injini. Nikamwambia hita za mtumba ndo zilivyo. Alikuwa ameshaipima gari bure, bila kebo, mi nikaenda kutoa elfu 30 mara 3.

Tukampelekea fundi mmoja wa kichochoroni, mtu mzima wa Tukuyu, mashine ya kupimia hana kabisa. Nikamwonyesha namba kwenye laptopu hakuzitazama sana. Akasubiri gari ipoe kabisa, akawasha, akashika bomba la juu la rejeta kwa kiganja, dakika 2 hazijafika akasema, "Linapata uvuguvugu na injini bado ya baridi, maji yanapita, mzee humu hamna kitu." Akafungua nyumba ya themostati, tupu, safi, hata ringi ya mpira hamna, wameweka gundi ya gasketi tu. Themostati mpya elfu 25, kulanti galoni 1 elfu 18, ufundi elfu 15. Jumla 58,000. Tukarudi njia ile ile ya Iwambi, 41 05 7D, kapigeni hesabu wenyewe, ni 85, na kwenye mteremko ikabaki 85, ikashuka 83 ikarudi. Sasa hivi napata kilomita 10 na nusu kwa lita, na hita inachoma miguu.

Kwa hiyo sisemi mafundi hawafai. Yule mzee wa Tukuyu kiganja chake kina akili kuliko mashine ya milioni. Nachosema ni kwamba mwenye gari akijua namba yake kabla ya kwenda gereji, maongezi yanabadilika. Nimeanza kuwapimia majirani, bila hela, wananiletea soda, na kuna mambo nimejifunza nataka niyaseme.

Kodi ikianza na P ni mambo ya injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi kama breki, U ni mawasiliano ya vikompyuta vyenyewe kwa vyenyewe. Mama mmoja anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa gari yake ilikuwa inamisi, ikasoma P0301. Hiyo 1 ya mwisho ni silinda namba 1, na P030 ni kwamba hailipuki vizuri. Aliambiwa anunue koili zote 4, vile vinavyopeleka umeme kwenye plagi. Tukahamisha koili ya silinda ya 1 tukaiweka ya 2, ya 2 ikaenda 1, tukafuta kodi, akazunguka mjini kidogo, ikarudi P0302. Ugonjwa umehama na koili, basi ni koili hiyo moja, 3 ziko nzima. Ingebaki P0301 tungeiacha koili tukaangalie plagi au noseli. Hicho kipimo kinataka spana ya namba 10 na robo saa. Kodi nyingine inayoliza watu ni P0171, maana yake hewa imezidi petroli, fundi akiiona tu anasema pampu au anasema sensa, na mara nyingi ni bomba la mpira nyuma ya kisafisha hewa limepasuka linavuta hewa pembeni, la kuziba kwa elfu 5. Kodi za sensa nazo zisikudanganye, kodi ikitaja saketi ya sensa fulani inaweza ikawa waya umekatika au soketi ina kutu na sensa yenyewe nzima kabisa.

Halafu kuna hili la mwinuko wetu, sijaona mtu analiandika. Jirani ana CR-V, ilikuwa nzito kidogo kwenye milima, akampigia fundi wake wa Dar wakawa wanapimana kwa simu. Swichi on, injini haijawashwa, wakasoma sensa ya presha ya hewa, ikaonyesha kilopaskali 83. Fundi wa Dar akasema hiyo sensa imekufa bana, inatakiwa 101. Jamaa alikuwa ameshaanza kutafuta hela. Sasa 101 ni ya Dar, pale gari ipo usawa wa bahari! Mbeya tuko mita kama 1,700 juu, hewa ni nyepesi, presha yetu ni 82, 83 hivi, sensa ilikuwa inasema ukweli mtupu. Nilimwambia siku ukienda Kyela nenda na laptopu, kule ziwani ni mita 500 hivi tu, utaona 95. Akaenda, ikasoma 95. Njombe itakuwa 80 au chini kidogo. Kumbe gari yake kuwa nzito ni hewa yenyewe, injini isiyo na turbo ikija huku juu inapoteza sehemu ya nguvu yake tu, hamna spea ya kutibu hiyo.

Na kwa wanaonunua magari ndo msiache kabisa. Nilisindikiza rafiki Mbalizi kuangalia RAV4. Muuzaji, jina namhifadhi, anaapa taa haijawahi kuwaka. Ni kweli dashibodi ilikuwa safi. Tukaandika 0131, hiyo inauliza "toka kodi zifutwe gari imetembea kilomita ngapi", jibu likaja 41 31 00 04. Nne. Kilomita 4. Mtu kafuta asubuhi hiyo hiyo nyumbani kwake akaja nayo sokoni. Rafiki yangu akamrudishia ufunguo kwa adabu, akamwambia tutawasiliana.

Sasa yasiyowezekana, maana sitaki watu waje kunilaumu. Corolla ya shemeji, ya 1998, tundu lipo meno 16 yote lakini laptopu ikaandika UNABLE TO CONNECT mpaka tukakata tamaa, ndo zile nilizosema za Wajapani wenyewe. Kwa Toyota za namna hiyo kuna njia ya kizamani zaidi, chini ya boneti tafuta kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSTIC, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi on bila kuwasha, taa ya cheki injini inaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja hamna kitu. Ya shemeji ilipepesa 2, ikapumzika, ikapepesa 2, hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Hakikisheni matundu ni hayo hayo, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Mambo ya erbegi na ABS kebo hizi za bei chee mara nyingi haziyafikii, na erbegi msichezee kabisa hata kama inafikia. Kubadilisha programu ya kontrol boksi nako muwaachie wenye kazi, mi nasoma tu siandiki. Toyota wana programu yao inaitwa Techstream, nzuri sana ila inataka kebo nyingine, na nakala nyingi za mtaani ni za wizi zimejaa virusi, mpwa wangu aliweka kwenye laptopu yake ikabidi aifomati yote na kazi zake za chuo zikaenda. Kebo zenyewe nazo kuna feki ya feki, zile zinazojiandika 2.1 nyingi zina amri zisizofanya kazi, mi niliyonayo imejiandika 1.5 na haijanisumbua. Kuna za blutuzi za kutumia na simu, bei chini zaidi, ila kebo haikatiki katikati ya mteremko na laptopu inahifadhi safari nzima unaiangalia umekaa mezani. Msiiache imechomekwa usiku, lile tundu linatoa umeme wa betri muda wote hata swichi ikiwa off, mi niliisahau siku 3 gari imepaki, Jumatatu tukaisukuma na wateja wangu wa fotokopi.

Jambo jingine, kabla hujafuta kodi iandike. Ukifuta, na ile picha ya hali ya injini wakati tatizo linatokea, joto lilikuwa ngapi, spidi ngapi, mzunguko ngapi, nayo inafutika, na fundi mzuri anaihitaji sana hiyo. Mi nimetundika daftari la kaunta kwenye kioo cha droo, kila gari na namba zake na tarehe.

Ombi langu kwa wenye gereji wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Tunduma, ni dogo. Mkimpima mtu kwa elfu 30 mpeni karatasi yenye namba mlizoziona, hata kwa kalamu, hata nyuma ya boksi la plagi. Kama hamjaona namba yoyote andikeni "hakuna". Daktari akikupima malaria anakupa karatasi ya maabara, nyie mnatunyima kwa nini? Na walimu wa vyuo vya ufundi, hawa vijana mnaowafundisha kuchomeka mashine wafundisheni na kushika bomba la rejeta, kile alichokifanya yule mzee.

Zile gereji 3 sijarudi kudai. Ya kwanza labda sensa kweli ilikuwa na shida, siwezi kujua, kodi walifuta na karatasi sina. Ila pampu yangu ya zamani niliichukua, iko hapa dukani chini ya kaunta, mzee wa Tukuyu aliifunga kwenye betri ikapampu vizuri tu. Anayehitaji pampu ya Premio tuongee.

Msomaji wenu,
Soweto, Mbeya.